Mzee Aliyejiuzia Vifaranga

Siku ya kutotoa, nyumbani kwa Mzee hakuna aliyekunywa chai ikiwa moto. Tangu alfajiri mashine za kutotolesha zilikuwa zimejaa makelele. Vifaranga walipasua maganda, wakajikokota nje wakiwa wamelowa, wakakauka, kisha wakaanza kulalamika mara moja. Ungedhani wamecheleweshewa chakula tangu mwaka jana.

Aliyesimamia karatasi zote za kazi hiyo alikuwa binti wa Mzee. Mtaa mzima ulimwita Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Alipika chapchap, alifua chapchap. Ungemwamkia, na kabla hujamaliza neno amekwisha kupita.

Baba yake, Mzee, ndiye aliyeanzisha biashara. Alianza na sanduku la mbao na taa moja, akigeuza mayai kwa mkono. Sasa zilikuwepo mashine, gari dogo la mizigo na kampuni yenye cheti chake. Cheti hicho kilitiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni. Kikawa pambo. Wageni walikisifia, lakini hakuna aliyekisoma.

Namba iliyosomwa kila siku ilikuwa nyingine. Ilikuwa namba ya mlipakodi ya Mzee mwenyewe. Aliiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha kupakia, miaka mingi kabla ya kampuni kuzaliwa. Familia ile haikuanza jambo lolote bila Mzee. Boksi la kwanza la kila awamu ya vifaranga alilibeba yeye. Kila ankara ilitoka na namba yake.

"Namba ya Mzee ina baraka," Chapchap alizoea kusema. Hakuna aliyembishia.

Siku ile ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Kwa mara ya kwanza vifaranga wao wangevuka mpaka. Kikundi cha akina mama wafugaji wa nchi jirani ndicho kilichoagiza. Mwenyekiti wao alikuwa ameandaa banda, na majiko ya kulitia joto yalikuwa yanawaka. Vibali vya mifugo vilikuwa tayari, vyote kwa jina la kampuni. Kilichobaki ni ankara ya kielektroniki.

Chapchap aliijaza akiwa amesimama. Mkono mmoja ulishika trei, mwingine ulibofya kompyuta. Mahali pa namba ya mlipakodi ya muuzaji aliweka namba ya Mzee, bila hata kutazama ukutani. Mahali pa namba ya mnunuzi hakuwa na la kuandika. Akapaacha wazi. Mfumo ukakataa. Akampigia Mwenyekiti simu, haikupokewa. Nje mumewe, ambaye ndiye dereva, alikuwa amekwisha kuwasha gari.

"Mama Watoto, vifaranga hawasubiri!"

"Nakuja!"

Aliijua namba moja tu kwa kichwa. Akaiandika tena, namba ileile ya Mzee, mahali pa mnunuzi. Mfumo ulihesabu tarakimu, ukaona zimetimia, ukakubali. Chapchap akatuma ankara na kufunga kompyuta. Alijiambia atarekebisha baadaye. Na baadaye ya Chapchap ndicho kitu pekee kilichokuwa hakina haraka.

Simu ililia siku iliyofuata, jua likiwa kali.

"Tumekwama mpakani," mumewe alisema.

"Gari limeharibika?"

"Gari zima. Ofisa wa forodha ananiuliza Mzee ni nani."

"Si umwambie ni baba yangu!"

"Nimemwambia. Anasema amefurahi kumfahamu baba mkwe wangu. Lakini anataka kujua kwa nini baba mkwe wangu amejiuzia vifaranga yeye mwenyewe."

Chapchap akaketi juu ya kreti tupu.

"Amecheka?"

"Alicheka mwanzoni. Sasa hacheki. Ankara inasema muuzaji ni Mzee, mnunuzi ni Mzee. Kibali kinasema mwenye vifaranga ni kampuni. Upande wa pili wameitafuta ile namba ya mnunuzi kwenye mfumo wao, haipo. Hawaturuhusu kupita."

"Na vifaranga?"

Mumewe aliisogeza simu kwenye maboksi. Chapchap akasikia sauti zao, nyingi, kali, zimebanana. Akashusha pumzi. Kifaranga anayelia bado ana nguvu. Anayenyamaza ndiye wa kuogopa. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo humtosha safari. Haimtoshi kukaa kwenye joto akisubiri karatasi.

"Ofisa anasema ankara irekebishwe leo," dereva aliendelea. "Wakifunga ofisi, ni mpaka kesho."

Wote wawili walijua kesho watakuta nini ndani ya maboksi.

Chapchap akafungua kompyuta. Alitafuta pa kufuta ile ankara, hakupaona. Mfumo ulimwambia ankara iliyokwisha kutolewa haifutwi. Akafikiri atengeneze nyingine harakaharaka. Lakini aweke namba gani? Akiweka ya kubahatisha tena, je? Kwa mara ya kwanza maishani Chapchap alishindwa kufanya jambo chapchap.

Mtu mmoja tu mtaani aliyajua mambo hayo. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mfanyakazi wa ofisi ya kodi. Wakati huo alikuwa likizo ya uzazi, na watu walimwita Mama Pacha.

Tatizo ni kwamba walikuwa hawasalimiani. Mama Pacha aliwahi kulalamika kwa uongozi wa mtaa kwamba kelele na harufu ya vifaranga zinamnyima usingizi. Chapchap alimjibu mbele za watu: "Na hao wako wawili, wao hawalii?" Tangu siku hiyo kila mmoja alipita akiangalia upande wake.

Chapchap alichukua kompyuta, akazunguka ukuta, akabisha hodi.

Mama Pacha alifungua mlango, mtoto mmoja begani.

"Enhee," alisema. "Umekuja kuhakikisha kama wanalia?"

"Nimekuja kuomba radhi," Chapchap alisema. "Nilikosa adabu siku ile. Na nimekuja kuomba msaada. Najua nimezichanganya shida mbili kwa mara moja, lakini vifaranga wanakufa, jirani yangu. Wako mpakani."

Mama Pacha alimtazama. Ndani, mtoto wa pili akaanza kulia.

"Ingia. Kompyuta weka mezani. Na huyu mshike wewe."

Chapchap akajikuta amekaa kwenye kochi, mtoto wa watu kifuani, hawezi kusimama wala kukimbia. Mama Pacha aliisoma ile ankara mstari kwa mstari. Alisoma polepole hadi Chapchap akatamani kulia pamoja na mtoto.

"Vibali vya mifugo vimetoka kwa jina la nani?" aliuliza.

"Kampuni."

"Na ankara?"

"Mzee. Lakini Mzee ndiye kampuni!"

"Kwenu, ndiyo. Kwenye kodi, hapana. Mzee ni mtu, ana namba yake. Mlipoandikisha kampuni, ikapewa namba yake. Anayeuza ndiye anayeweka namba. Vifaranga hawa ni wa nani?"

"Wa kampuni."

"Basi ofisa ameshika vifaranga wa kampuni na karatasi ya Mzee. Ungekuwa wewe, ungewapitisha?"

Chapchap alimbembeleza mtoto.

"Sisi tuliona ni heshima," alisema hatimaye. "Kila kitu kwetu huanza na Mzee."

"Sikiliza, mwenzangu. Kila ankara mliyoitoa tangu kampuni ianze, ofisi ya kodi inaiona ni biashara ya Mzee binafsi. Siku wakimwita aieleze, yeye mzee wa watu atawaeleza nini? Hiyo ndiyo heshima mliyompa?"

Maneno hayo yalimchoma Chapchap. Alikuwa hajawahi kulifikiria. Kumbe muda wote walikuwa wakimtwika baba yao mzigo asioujua.

"Hizo za nyuma tutazipeleka ofisini, zina utaratibu wake," Mama Pacha alisema. "Sasa hivi tuwatoe vifaranga. Namba ya kampuni unayo?"

"Ipo kwenye cheti, sebuleni."

"Kalete cheti chenyewe. Usiniletee namba ya kichwani. Kichwa ndicho kilichotufikisha hapa."

Chapchap alimrudisha mtoto kwa mama yake, akakimbilia kwao. Mzee alikuwa sebuleni akisikiliza redio. Alimwona binti yake anapanda juu ya kiti akiwa amevaa viatu.

"Unaking'oa cheti changu kwa nini?"

Chapchap alitaka kusema uongo mdogo ili asimuumize. Akashindwa.

"Baba, vifaranga wamezuiwa mpakani. Tuliandika namba yako mahali pa kampuni. Na mahali pa mnunuzi pia niliandika yako. Kosa ni langu mimi."

Mzee alizima redio.

"Namba yangu ndiyo iliyowafungia?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee akasimama, akakichukua kile cheti na fremu yake, akakiweka kwapani.

"Twende," alisema. "Mbona umesimama? Leo ndiyo umeona siku ya kutembea polepole?"

Kwa Mama Pacha, namba ya kampuni ilipatikana mara moja. Ilikuwa imeandikwa chini kabisa, mahali ambapo kioo cha fremu kilikuwa na vumbi. Mzee aliipangusa kwa kidole na kuisoma kwa sauti. Alikuwa hajawahi kuisoma.

Ikabaki ya mnunuzi. Safari hii Mwenyekiti alipokea simu. Alipoambiwa, alipiga ukelele, kisha akatuma picha ya cheti cha kikundi. Chapchap akaanza kuandika. Mama Pacha akamshika mkono.

"Subiri. Hii ni namba ya usajili. Inaonyesha tu kwamba kikundi kimeandikishwa. Sisi tunataka namba ya mlipakodi."

"Si zote ni zao?"

"Hata namba yako ya simu ni yako. Mbona hukuiandika kwenye ankara?"

Mama Pacha aliingia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya nchi ya Mwenyekiti, mahali pa kuhakiki namba za walipakodi. Akaiingiza ile namba kwa majaribio. Jibu lilikuwa fupi: haipo.

Mwenyekiti akapigiwa tena. Cheti cha mlipakodi kilikuwa kwa mweka hazina. Mweka hazina alikuwa ameenda zahanati, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mwenyekiti akasema anamfuata mbio.

Wakasubiri. Chumba kile kilikuwa na saa ya ukutani yenye sauti, na Chapchap aliichukia saa ile kama adui. Dereva akapiga.

"Nimeegesha chini ya paa la forodha, milango yote wazi," alisema. "Nawapepea kwa kifuniko cha boksi. Lakini Mama Watoto, wamepunguza kelele."

Chapchap aliomba asikilizishwe. Alisikia sauti za mbali, chache, zenye kukatika. Machozi yakamtoka wazi, mbele ya Mzee na mbele ya jirani aliyekuwa adui yake.

"Tuiweke ile ya usajili!" alisema. "Angalau ni yao! Tutarekebisha baadaye!"

"Baadaye?" Mama Pacha aliuliza. Hakupandisha sauti. "Ukituma ya pili yenye kosa, ofisa atakuwa na ankara mbili mbovu za mzigo mmoja. Hapo atakuwa na haki ya kufikiri ninyi ni wadanganyifu. Vumilia."

Mzee alimwekea binti yake mkono begani.

Kisha picha ikaingia. Mwenyekiti alikuwa ameipiga akihema, imepinda, kidole chake kikionekana pembeni. Lakini ilisomeka: cheti cha mlipakodi, jina la kikundi, namba. Chapchap akaandika.

"Nisomee ulichoandika," Mama Pacha alisema. Chapchap akasoma. Mzee akafuatisha kwenye picha, tarakimu kwa tarakimu.

"Umeacha herufi mbili za mwanzo," Mzee alisema.

"Hizo si nembo tu?"

"Ni sehemu ya namba yao," Mama Pacha akasema. "Zinaonyesha nchi iliyoitoa. Zingine hazina herufi, zingine zinazo. Wewe andika kama ilivyo kwenye cheti, usipunguze wala usiongeze."

Akaihakiki kwenye tovuti. Jina la kikundi likatokea, herufi kwa herufi, sawasawa na kwenye cheti.

Lakini hawakukimbilia ankara mpya. Kwanza Mama Pacha alimwonyesha Chapchap jinsi ya kutoa hati ya kuibatilisha ile ya zamani. Ndani yake waliandika namba ya ankara yenye kosa na sababu ya kuibatilisha. Ndipo wakatoa ankara mpya. Muuzaji: kampuni, kwa namba ya kampuni. Mnunuzi: kikundi cha akina mama, kwa namba yao kamili. Chapchap alisoma yote kuanzia juu hadi chini, kisha akarudia. Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda.

"Bonyeza basi," Mzee alisema. "Sasa ndiyo chapchap."

Ankara ikaenda. Nakala akatumiwa dereva. Wakasubiri tena. Hata pacha walinyamaza, sijui nani aliwaambia.

Simu ililia.

"Wametugongea muhuri," dereva alisema. "Tumepita. Niko barabarani."

"Nisikilizishe!"

Mwanzoni ulisikika mngurumo wa gari tu. Kisha upepo ulipoingia madirishani, vifaranga wakaanza kulia. Mmoja, wengine, halafu wote. Kelele ikajaa chumba kile chenye watoto wachanga.

Chapchap aliifunika simu haraka kwa kiganja. "Samahani, jirani. Najua hizi ndizo kelele zinazokuudhi."

"Toa mkono wako hapo," Mama Pacha alisema. "Ongeza sauti."

Jioni Mwenyekiti alipiga kuwashukuru. Vifaranga walikuwa wameshushwa, wako bandani, wanakunywa maji. Wachache hawakufika. Boksi la kona, ambalo hewa haikulifikia vizuri, ndilo lililoumia. Chapchap alizipokea shukrani, lakini ya boksi la kona hakuyasahau.

Siku zilizofuata walikwenda ofisi ya kodi, Chapchap na Mzee, wakiwa na ankara zote za zamani. Mama Pacha aliwaelekeza dirisha la kwenda na nini cha kusema. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini kwa kuwa walikwenda wenyewe kueleza kosa lao, walisikilizwa. Shimo la kutupia maganda ya mayai, lililokuwa likitoa harufu, nalo lilihamishwa kutoka ukutani kwa jirani hadi upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyelazimika kuwaambia.

Kisha Mwenyekiti akaagiza tena, na safari hii akataka vifaranga wengi zaidi. Kabla hata ya mayai kuingia kwenye mashine, Chapchap alikuwa ameomba nakala ya cheti cha mlipakodi cha kikundi na kuihakiki upya. Ankara aliijaza akiwa amekaa. Trei aliiweka chini.

Siku ya kupakia alimkuta Mzee kwenye chumba cha kupakia, juu ya ngazi, na kopo la rangi nyeupe. Namba nyekundu ilikuwa imefunikwa nusu.

"Baba, si lazima uifute. Ungeiacha tu, iwe kumbukumbu."

"Namba yangu ninayo," Mzee alisema, bila kuacha kupaka. "Itanitosha mimi. Hii kampuni nimeibeba mgongoni tangu ilipokuwa sanduku la mbao. Imekua. Wacha itembee kwa miguu yake."

Rangi ilipokauka, aliandika hapohapo namba ya kampuni, akiinakili kutoka kwenye cheti. Chini yake akaacha nafasi ya kuandika kwa chaki namba ya kila mnunuzi. Kisha akashuka, akabeba boksi la kwanza kama siku zote, akasimama nalo mlangoni mwa gari. Dereva alinyoosha mikono kulipokea. Mzee hakumpa.

"Nani anauza?" aliuliza.

"Kampuni," Chapchap alijibu, na kumsomea namba.

"Nani ananunua?"

"Kikundi cha akina mama." Akasoma namba yao, pamoja na herufi zake mbili.

Mzee aliangalia ukuta, akaangalia ankara, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo alipolitia boksi garini. Ndani yake vifaranga walikuwa wakipiga kelele za kutosha kuamsha mtaa mzima, na ng'ambo ya ukuta hakuna aliyelalamika.